Kasoro Kidole Kimoja

Mwalimu alikuwa na miaka sitini na minne, magoti mawili yaliyochoka, na barua moja aliyoisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake ikaanza kutoboka. Barua ilitoka kwa mkuu wa shule moja ya mlimani. Ilisema darasa la saba halina mwalimu wa hesabu tangu mwaka uliopita, kwamba watatu walipangiwa huko na wote watatu walilala siku mbili tatu wakashuka na mabegi yao, na kwamba kama yeye bado ana nguvu na hamu, nyumba ipo na watoto wapo. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayeona haya, mkuu aliongeza kuwa magari ya kawaida hayafiki. Yanaishia mtoni, na kutoka mtoni ni kupanda kwa miguu.

"Magoti yangu yamestaafu," Mwalimu alimwambia binti yake. "Mimi bado."

Tangu afiwe na mume wake, alikuwa akiishi kwa binti huyo, kwenye chumba cha uani. Hakuna aliyemtendea vibaya, na hilo ndilo lililomchosha. Akishika ufagio, unapokonywa. Akitaka kuchota maji, ndoo imeshajaa. Kwa miaka mitatu alihudumiwa vizuri mno, mpaka akaanza kujiona mgonjwa, na wakati mwingine alijikuta anasahihisha makosa ya hesabu kwenye gazeti ili siku ipite. Barua ile ilipofika alilia kidogo, akanawa uso, akaenda kuangalia pikapu ya marehemu.

Pikapu ilikuwa chini ya banda, nyuma ya gereji ya mkwe wake. Lilikuwa gari la zamani la kuvuta magurudumu yote manne, lililojengwa kwa ajili ya njia kama ile ya mlimani. Tatizo ni kwamba nyuma halikuwa na magurudumu wala ekseli ya kuyashikilia. Lilikalia magogo. Difu ya nyuma ilisagika zamani, yaani ule mtungi wa chuma katikati ya ekseli unaopokea mzunguko wa shafti, ule mti mrefu wa chuma unaotoka upande wa injini, na kuugawa kwa magurudumu mawili. Marehemu akauza ekseli nzima kama chuma chakavu, akasema wiki ijayo atanunua nyingine. Wiki ijayo hiyo ilimchukua miaka sita, na kifo kikamkuta bado anaisema.

Mkwe wake kila mtu alimwita Fundi, na yeye Mwalimu alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kofia iliyoloa mafuta mpaka haikumbuki tena rangi yake. Bila kuombwa, kila alipomaliza kazi za wateja alikwenda bandani kwa saa moja. Injini akaifufua, breki akazifunga upya, nyaya akazibadilisha. Miezi mitatu hakusema kitu. Halafu siku moja, akimkabidhi Mwalimu chai, alisema tu, "Shikamoo, Mama. Imebaki ekseli ya nyuma."

Kati ya watu hawa wawili palikuwa na heshima nyingi, na ndani ya heshima hiyo palikuwa na mwiba. Miaka kumi na moja nyuma, siku Fundi alipokuja kuposa, Mwalimu aliuliza chumbani, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Amefika darasa la ngapi huyu? Hata kugawanya anajua?" Ukuta ulikuwa mwembamba. Fundi, aliyeacha shule darasa la tano, alisikia. Mwalimu alijua kuwa alisikia, maana alipotoka sebuleni alimkuta anaangalia viatu vyake. Hawakuligusia neno hilo hata siku moja. Waliamkiana, walipakuliana, walipishana mlangoni kila mmoja akimwachia mwenzake njia.

Sasa ekseli ilikuwa imepatikana, moja tu, kwa muuza vyuma chakavu aliyejulikana kama Hakirudi. Jina hilo alilipata kwa sababu ndilo neno alilolisema kabla mteja hajaufunga mfuko wake. Kwa Fundi alilegeza kidogo, akamwachia ekseli mpaka saa kumi jioni ya Jumamosi hiyo ili aipime. Alitoa sharti moja. "Ukifungua mfuniko wa difu, umenunua. Na kama huitaki, saa kumi naichukua, jamaa wa kiwanda cha mbao anaisubiri."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku tisa.

"Inapimwa nini?" aliuliza.

"Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja, Mama," alisema Fundi. "Shafti ikizunguka mara nne na kidogo, gurudumu linazunguka mara moja. Sasa hiyo 'kidogo' ndiyo mambo. Mbele ikiwa na yake na nyuma na yake, ukiweka gia ya kuvuta yote manne kwenye mlima, zinavutana. Kitu kitakatika, na kitakatika mkiwa pabaya."

"Uwiano," alisema Mwalimu, na moyo wake ukachangamka kidogo. "Haujaandikwa popote?"

"Kulikuwa na kibati. Kutu imekula. Ningefungua nikahesabu meno ya gia kubwa na ndogo, ingekwisha. Ya Hakirudi siwezi kuifungua, na hii ya mbele nikiifungua leo, saa kumi itanikuta bado nina boliti mkononi. Kwa kawaida nazungusha gurudumu mara moja naangalia shafti kwa jicho. Ila jicho litaniambia nne na kidogo kwa zote mbili."

Mwalimu alifikiri. "Usizungushe mara moja. Zungusha mara kumi. Hicho kidogo kitajikusanya mara kumi, utakiona vizuri."

Fundi alimwangalia kwa muda, kisha akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Hiyo sijawahi kuifanya."

Walianza na difu ya mbele. Fundi alinyanyua gurudumu moja kwa jeki, lile jingine akaliacha chini, akalibana kwa vipande viwili vya mbao. Akachora mstari wa chaki juu ya tairi, na mwingine kwenye shafti.

"Hili utalizungusha wewe, Mama, kama hutajali. Ni jepesi. Mimi nitalala chini nihesabu shafti. Ila usizungushe mara kumi. Zungusha ishirini."

"Mbona ishirini?"

"Kwa sababu mwenzake nimemzuia. Difu inagawa. Mmoja akigoma, wa pili anabeba zamu za wote wawili. Hili likienda mara mbili, difu inahesabu moja."

Uso wa Mwalimu uling'aa kama wa mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Wastani," alisema. "Huyu sifuri, huyu mbili, wastani wao moja. Miaka thelathini na tano nimefundisha wastani kwa machungwa, kumbe chombo chenyewe kiko chini ya gari."

Sasa msomaji aangalie vizuri hapa, maana hapa ndipo wawili hawa walipojiroga wenyewe. Mafundi wawili wa kawaida wangepayuka moja, mbili, tatu mpaka mtaa mzima ujue. Lakini Fundi aliona si adabu kulala chali, miguu imetokeza, akimpigia mama mkwe wake kelele za namba. Na Mwalimu aliona kwamba kuhesabu kwa sauti mbele ya mkwe aliyeishia darasa la tano kutakuwa kama kumrudisha darasa la kwanza kwa makusudi. Basi kila mmoja akahesabu moyoni, kwa heshima kubwa.

Mwalimu alizungusha tairi kwa mikono miwili, mstari ukashuka, ukapanda, ukashuka. Ishirini. Akasimamisha mstari juu kabisa. "Tayari."

"Mstari wa shafti nao umerudi palepale," alisema Fundi kutoka chini. "Arobaini na mbili."

Alitoka akijikung'uta, uso umekunjamana. "Nne nukta mbili. Hiyo sijawahi kukutana nayo. Nimeona meno thelathini na saba kwa kumi, thelathini na tisa, arobaini na moja, arobaini na tatu. Ila gari la zamani lina maajabu yake."

Wakahamia kwenye ekseli ya Hakirudi, iliyolazwa juu ya matofali katikati ya ua. Hii ilikuwa nzito, oili yake imeganda, kwa hiyo Fundi ndiye aliyezungusha. Alibana upande mmoja, akachora chaki kwenye ngoma ya breki ya upande wa pili. Mwalimu akasogeza kigoda mbele ya kile kisahani cha chuma ambapo shafti hufungwa, kikiwa na mstari wake wa chaki. Wakahesabu. Kimya kilikuwa kikubwa hivi kwamba jirani aliyepita na baiskeli alidhani wanaomba dua, akapunguza mwendo.

"Ishirini," alisema Fundi, akahema.

"Thelathini na tisa," alisema Mwalimu. "Kasoro kidogo. Mstari umebakiza upana wa kidole changu."

Fundi alivua kofia, akaivaa tena. "Thelathini na tisa ni difu ya gari la barabara ya lami," alisema. "Haziendani, Mama. Pole."

Akaingia ofisini kumpigia Hakirudi simu. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu.

Mwalimu alibaki kwenye kigoda. Alijaribu kujiambia kuwa ni sawa, kwamba amekula chumvi ya kutosha na darasa, kwamba chumba cha uani kina dirisha zuri. Hakujiamini hata kidogo. Alikuwa na huzuni ya wazi. Lakini jicho lake halikutoka kwenye kile kisahani. Kidole kile kilimkera. Kule mbele mstari ulirudi palepale, sawasawa. Huku nyuma umebakiza kidole. Watoto wake darasani walijua jambo hili: Mwalimu husamehe jibu lisilo sahihi, ila hawezi kulala na jibu linalokaribia kuwa sahihi.

Akainama, akapima kisahani kwa kidole, kidole baada ya kidole, akizunguka ukingo wake wote. Vidole ishirini. Basi mzunguko umepungua sehemu moja ya ishirini. Akachukua chaki, akaandika kwenye sakafu ya saruji: thelathini na nane nukta tisini na tano. Akagawanya kwa ishirini, ikatoka takataka. Akafuta kwa kiganja. Halafu, bila sababu nzuri zaidi ya mazoea ya kuwinda makosa ya watu wengine, akagawanya kwa kumi na tisa. Ikaingia mara mbili na nukta sifuri tano, bila kubaki kitu. Mara mbili ya hiyo ni nne nukta moja.

Akarudi kwenye ile ya mbele. Arobaini na mbili, ambayo Fundi hajawahi kukutana nayo. Toa moja, arobaini na moja. Nne nukta moja.

Mwalimu akaketi wima. Difu zilikuwa sawa. Kilichopishana ni watu. Mahali pote ambapo Fundi ndiye aliyehesabu, palikuwa na moja ya ziada, na alijua kabisa imetoka wapi. Ameiona kwa maelfu ya watoto: wanaanza kusema moja kabla kitu hakijafanyika.

Furaha yake ilidumu kama nusu dakika. Kisha akamsikia Fundi ofisini, sauti yake ya upole ikisema, "Ndiyo, kaka, njoo tu uichukue," na akatambua kazi iliyo mbele yake. Ilibidi amwambie mume wa binti yake, mwenye nyumba anayemlisha, mtu aliyemfufulia gari kwa miezi mitatu bila kuomba hata asante, kwamba hajui kuhesabu mpaka ishirini. Na ilibidi aseme yeye, mdomo uleule uliouliza swali lile chumbani. Aliwaza kunyamaza. Aliwaza kabisa, nisimsingizie wema. Angepoteza shule, lakini angebaki na amani ya mlangoni.

Fundi akatoka. "Anakuja."

"Fundi," alisema Mwalimu. "Zungusha mara tatu tu. Uhesabu nisikie."

Alishangaa, lakini hakuwahi kumkatalia jambo. Akainama kwenye ngoma ya breki, akaupandisha mstari juu kabisa, akashika vizuri, na kabla hajasogeza chochote akasema, "Moja."

"Hapohapo," alisema Mwalimu. "Mkono wako umeshafanya kazi gani?"

"Bado."

"Na bado namba yake ni ngapi?"

Fundi aliangalia mstari wa chaki. Akaangalia hesabu iliyoandikwa kwenye saruji, akaifuata taratibu kwa macho, mstari kwa mstari, na Mwalimu akaona kitu ambacho hakukitarajia: mkwe wake alikuwa anaielewa. Shingo yake ikalegea.

"Sifuri," alisema. Kisha akaongeza, bila hasira, "Basi ulisema kweli siku ile, Mama. Sijui."

Lilikuwa limetoka. Miaka kumi na moja, na limetoka katikati ya ua, mchana kweupe.

"Nilisema," alijibu Mwalimu. "Nilisema neno la mtu mwenye kiburi, na miaka mitatu hii nakula chakula chako nalo limenikwama. Sikukuomba radhi kwa sababu nilitaka ujifanye hukusikia. Nakuomba sasa. Na hesabu hii tumeiharibu wawili. Wewe ulikuwa unafanya kazi kwa jicho na jicho lako halikukosea, ni mimi niliyekuletea mara kumi. Nikakaa hapa mdomo nimefumba, mwalimu mzima, wakati kuhesabu kwa sauti ndiyo kazi niliyoajiriwa nayo maisha yangu yote."

Fundi alijifuta uso kwa mkono wenye oili, akajichafua kuanzia paji mpaka kidevu. "Niliogopa kukupigia kelele," alisema.

"Na mimi niliogopa kukufundisha."

Wakatazamana. Ni Fundi aliyeanza kucheka, kwa pua kwanza, halafu kwa mabega, na Mwalimu naye akashindwa kujizuia.

Hakirudi alifika saa tisa na dakika arobaini, na mkokoteni. Alikuta watu wazima wawili wameinamia ekseli wakipiga kelele kama darasa la kwanza siku ya ukaguzi. "Sifuri," walisema pamoja, mikono bado imetulia. Kisha chuma kikaanza kuzunguka, Fundi akihesabu ngoma kwa sauti nene, Mwalimu akihesabu kisahani kwa sauti kali ya darasani, mmoja akiwa saba mwingine kumi na nne, wakipishana bila kupotezana. Hakirudi alisimama na mkono kiunoni.

"Ishirini," alisema Fundi.

"Arobaini na moja," alisema Mwalimu. "Mstari palepale. Hakuna kidole."

Ya mbele walikuwa wameshairudia. Fundi akachukua spana, akaiweka juu ya mfuniko wa difu, akamgeukia Hakirudi. "Nafungua," alisema.

"Ukifungua hakirudi," alisema Hakirudi, kwa mazoea.

"Hatutaki kirudi," alisema Mwalimu.

Ndani, kwenye oili nyeusi, gia kubwa ilikuwa na meno arobaini na moja na ndogo ilikuwa na kumi. Waliyahesabu kwa zamu, kwa sauti, ingawa hakukuwa na haja tena.

Jumatatu iliyofuata ile wiki ya matayarisho, walivuka mto alfajiri imeshapambazuka vizuri. Binti alikuwa amewafungia chakula na kumkumbatia mama yake kwa nguvu iliyomwumiza mbavu. Kwenye mguu wa mlima, Fundi alisimamisha pikapu, akavuta ule mti mfupi wa gia, na magurudumu yote manne yakauma udongo kwa pamoja. Alipanda huku amefungua dirisha, anasikiliza kwa uso mzima. Mwalimu alishika dashibodi, naye anasikiliza, ingawa hakujua asikilize nini. Hakuna kilichogonga wala kulia. Kwenye kona ya mwisho, ambapo walimu watatu walishuka na mabegi yao, pikapu iliteleza kidogo, ikajishika, ikaendelea. Fundi akaachia pumzi aliyoibana tangu mtoni.

Alitakiwa kugeuza mara moja, wateja walikuwa wanamsubiri. Akasema injini ipoe kwanza. Akashusha godoro, sanduku la vitabu, jiko, na alipomaliza akamfuata mama mkwe wake mpaka mlango wa darasa, akasimama nje, pembeni, mahali ambapo mtu anaweza kuona bila kuonekana sana.

Ndani kulikuwa na watoto ishirini na saba. Mwalimu hakujitambulisha kwa maneno mengi. Alitoa mfukoni kipande cha chaki cha gereji, kimeingia oili upande mmoja, akachora ubaoni duara kubwa na mstari mdogo juu yake.

"Hili ni gurudumu," alisema. "Nataka nilizungushe, ninyi mhesabu. Mstari uko hapa juu, sijagusa kitu. Hapa ni ngapi?"

"Moja," likajibu darasa zima, kwa furaha.

"Sifuri," alisema mtu mlangoni.

Vichwa ishirini na saba vikageuka. Fundi alirudi nyuma hatua moja, kofia imeshuka mpaka machoni, kama mtu aliyeshikwa akichungulia. Mwalimu alimnyooshea chaki.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Waeleze kwa nini."

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, akavua kofia, akaingia darasani.